Shikamoo Tatu Bila Chai

Leo alfajiri nimeamkiwa shikamoo tatu kwenye mlango wa ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, na baada ya zote tatu bado nilikuwa sijapata chai.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kazi hii imeniweka angani kuliko nyumbani, kiasi kwamba mwanangu wa mwisho akiulizwa baba yuko wapi huonyesha kidole juu, na jirani aliyehamia juzi ametuletea rambirambi. Kwa miaka tisa nimekuwa mteja mwaminifu wa kampuni moja ya ndege, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado inalo begi langu. Uaminifu huo ulinipatia kadi ya daraja la fedha, na kadi ndiyo iliyokuwa ikinifungulia ukumbi.

Basi nilifika nikiwa nimekaza tai, mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, harufu ya sambusa ikanipokea, nami nikatanguliza kadi yangu kama balozi awasilishaye hati za utambulisho.

"Shikamoo baba," alisema binti wa mapokezi.

"Marahaba mwanangu."

"Kadi yako haifiki, baba."

"Haifiki wapi?"

"Humu ndani, baba."

Kampuni za ndege zina historia yake katika jambo hili. American Airlines walipoanzisha mpango wao wa kuwatuza abiria waaminifu mwaka 1981 walihesabu maili, yaani aliyeenda mbali ndiye aliyetuzwa, lakini mwaka 2015 Delta na United walianza kuhesabu dola alizolipa abiria, na wengine wakafuata, wakiwamo hawa wangu. Binti alinifafanulia hayo kwa adabu, tena kwa sauti iliyowafikia watu watano waliopanga foleni nyuma yangu: "Umesafiri sana, baba, ila tiketi zako ni zile za bei nafuu."

Kwa hasira nilirudi nyuma hatua moja, na mlango ukajifunga. Nilisogea mbele nimjibu, ukafunguka, na walioketi ndani wakainua vichwa. Nilirudi tena ili kulinda heshima yangu, ukajifunga, na kwa kuwa mimi siwezi kubishana bila kutembea, tuliendelea hivyo kwa dakika kadhaa, mimi na ule mlango, tukiwaonyesha abiria wa daraja la juu mtu mzima anayetokea na kutoweka kama picha za sinema. Msimamizi aliitwa, akanipa shikamoo ya pili, akaniambia kwamba naweza kuingia kwa dola 35. Dola 35, jamani, kwa chai ambayo mama ntilie wa nyuma ya ofisi yetu huniandikia kwenye daftari!

Mlango ulipofunguka mara ya sita au ya saba nilimwona ndani kijana ninayemsimamia kazini, akiwa na sahani mapajani. Kijana huyu husahau kukata tiketi mpaka siku ya mwisho, nauli inakuwa imepanda mara mbili, nami huidhinisha malipo huku nikimfokea. Kwa hiyo dola zile zote zilizomtoa katika kadi ya kawaida hadi ya dhahabu nilizitia saini kwa mkono wangu.

"Shikamoo bosi!" alinipungia mkono kwa mbali, shavu moja likiwa limejaa.

Niliondoka nikifa na tai shingoni, nikaketi kwenye viti vya chuma. Tiketi yenyewe ilikuwa ya bure, ya pointi, isipokuwa tozo zake zingetosha nauli ya basi la Mwanza kwenda na kurudi. Nayo ni ya Accra. Kutoka Dar es Salaam hadi Accra kwa mstari ulionyooka ni kilomita 4,600 hivi, lakini ukiuliza nauli unaweza kuletewa njia ya kupitia Dubai, ambayo ni zaidi ya kilomita 10,000, na mtu wa kukata tiketi anakuambia hayo bila kucheka. Mawaziri wetu wa Afrika walikubaliana huko Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, mwaka 1999, mimi nikiwa bado sekondari, kwamba anga ya bara ifunguliwe. Januari 2018 mjini Addis Ababa nchi 23 zikazindua soko moja la anga. Sasa nina mvi, na bado kumfikia Mwafrika mwenzangu wa magharibi kunataka kwanza nielekee kaskazini. Ingekuwa daladala abiria tungekwisha kugonga bati, tukamwambia dereva atushushe.

Nilikuwa hapo katika Yamoussoukro nilipohisi mtu amesimama kando yangu. Alikuwa yule kijana, ameshika kwa mikono miwili kitu kilichofungwa katika karatasi ya kujifutia, mafuta yakianza kupenya, na macho yake akiyaelekeza chini kama anayeleta barua ya kujieleza.

Nilinyamaza muda wa kutosha apate kujutia, kisha nikamuuliza kama ni ya nyama au ya mboga.