Dogo asome kozi ya kubobea au ya jumla? Mi naona tunabishania kitu kisicho chenyewe

Matokeo ya form six yakishatoka tu simu yangu haipumziki. Mara shemeji yuko Moshi, mara mama wa mtu sijui namba yangu kaitoa wapi, na wote swali ni lile lile, dogo ana two (daraja la pili) ya HGE (historia, jiografia, uchumi) au PCB (fizikia, kemia, biolojia) imekaa vibaya kidogo, aombe kozi gani, akabobee kwenye kitu kimoja kama uhasibu au ununuzi au wanyamapori, au achukue kitu kipana kama biashara na utawala, sosholojia, maendeleo ya jamii, apate kwanza digrii mengine yatajulikana mbele ya safari. Na wanataka jibu fasta kwa sababu dirisha la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) la kuomba chuo linafungwa. Jibu fasta sina ila msimamo ninao, nauandika hapa ili mwakani nikipigiwa nitume linki tu.

Kwanza tuondoe ambazo hazina mjadala. Kuna kazi sheria yenyewe imeshaamua. Dogo anataka koti jeupe pale hospitali ya KCMC, atasoma MD (digrii ya udaktari) miaka 5 na intanshipu mwaka 1, hamna njia ya panya. Famasia, uuguzi, vilevile. Injinia mpaka Bodi ya Usajili wa Wahandisi imtambue, na wakili hata LLB (digrii ya sheria) yake iwe nzuri vipi bado anaenda Shule ya Sheria Dar ndio aje aapishwe. Kama mtoto ana hamu na matokeo yanaruhusu mwache aende, na mjomba anayekwambia asome kitu kipana ili asijifunge mkaribishe chai abadilishe mada.

Kelele iko kwenye zilizobaki, ambazo ndio nyingi.

Watu wanapenda kusema kozi ya kubobea ndio ina soko. Sawa, ina soko mpaka soko lihame. Mnakumbuka ile gesi? Kuanzia 2010 ilivyogundulika gesi ya kufa mtu kwenye bahari ya kina kirefu huko Lindi na Mtwara, vyuo vikafungua kozi za mafuta na gesi, na vijana wakali wa fizikia na hesabu wakakimbilia huko, wazazi wanatamba kabisa kwenye vikao vya harusi kwamba kijana wangu anasoma petroli. Ule mradi mkubwa wa LNG (kugeuza gesi kuwa kimiminika) wa Lindi ambao ndio ungewabeba, mpaka leo kiwanda hakijajengwa. Vijana hawana kosa lolote, wana akili kuliko mimi, ila cheti kimeandikwa petroli na mwenye kiwanda cha maji ya kunywa akikiona anakiweka pembeni, wakati mwenzake wa darasa hilo hilo aliyesoma uhandisi mitambo wa kawaida anaingia kiwanda cha maji, cha bia, cha sukari, popote penye pampu na boila.

Kwa hiyo mi mtu akiniambia kozi finyu namuuliza waajiri wake ni wangapi, tuwahesabu kwa majina. Chukua Mweka pale juu ya Moshi, chuo cha wanyamapori tangu 1963, kozi finyu kweli kweli. Tuhesabu: TANAPA (hifadhi za taifa) ambao makao makuu yapo hapa hapa Arusha, Ngorongoro, TAWA (mamlaka ya wanyamapori), halmashauri zenye mapori, kampuni za uwindaji, WMA (maeneo ya uhifadhi ya jamii) za vijijini, mashirika ya uhifadhi. Sio wengi ila wapo na mbuga hazihamishwi. Mtoto anayependa porini kwa dhati mi nampeleka Mweka bila kusita. Anayependa yunifomu na gari la kijani tu, hapana, maana wengi wa wenye nafasi hizo ni serikali na serikali inaajiri ikiamua yenyewe.

Halafu angalia vyuo vyenyewe vinavyofanya, maana vyuo vina akili ya biashara kuliko sisi wazazi. Chuo cha Ushirika pale Moshi kilianza 1963 kama chuo cha kufundisha watu wa vyama vya ushirika, kahawa ikiwa ndio kila kitu. 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote, vikarudishwa na sheria ya 1982, na hebu fikiria mtu ambaye kichwani na mkononi ana ushirika peke yake katikati ya hiyo miaka. Leo hicho chuo ni chuo kikuu kamili tangu 2014 na unasoma humo uhasibu, ununuzi, sheria, rasilimali watu. Chuo cha Uhasibu pale Njiro, hapa Arusha, nacho jina linasema uhasibu ila ingia ukute watu wa kompyuta na fani nyingine kibao. Vimejipanua vyenyewe alafu sisi tunataka mtoto wa miaka 19 ajifunge.

Ila sasa msinielewe vibaya, sijasema chukueni digrii ya jumla mlale. Hapana jamani! Digrii ya jumla peke yake ni mzigo. Nafanya kazi ofisi moja ya safari hapa mjini na huwa nashirikishwa kwenye kuchambua CV, tukitangaza nafasi moja ya rizaveshen zinakuja mpaka unachoka, na nusu ni biashara na utawala, GPA nzuri tu, wote wanajituma, wote wanaweza kufanya kazi chini ya presha (hii sentensi nani aliwafundisha?). Huwezi kuwatofautisha. Mwisho anaitwa nani? Binti wa digrii hiyo hiyo ya jumla lakini alikuwa anashuka Alliance Française jioni kujifunza Kifaransa, na fildi yake (mafunzo kwa vitendo) aliifanya kwenye lodge akajifunza kupanga bei za msimu kwenye Excel. Digrii pana, mkono umebobea. Corona ilivyokuja 2020 na watalii wakashuka toka milioni 1.5 mwaka uliotangulia mpaka laki 6 na kidogo, watu wa aina hiyo ndio niliona wanahamia hospitali, shule, maduka ya jumla, kwa sababu hesabu ni hesabu. Aliyekuwa anajua utalii na utalii tu alirudi kijijini kulima parachichi, na siwacheki, wengine parachichi limewatoa.

Hapa ndio msimamo wangu ulipo na najua wazazi wengi wataununia. Mi naona ubobezi uanze chini kabisa, kwenye cheti na diploma, halafu digrii iwe pana. Sisi tunafanya kinyume, mtoto anapita form five na six anasoma vya jumla, anaingia chuo anasoma vya jumla tena, akishahitimu ndio anahangaika kutafuta kozi fupi ya kumpa ujuzi, umri umeenda na hela ya baba imeisha. Piga hesabu mwenyewe. Form five na six miaka 2, digrii 3, jumla 5. Form four aende diploma miaka 3, tuseme Chuo cha Ufundi hapa Arusha, ambao wana mpaka kampasi ya Kikuletwa kule Hai ya mambo ya umeme wa maji, akitoka na GPA ya 3.0 anaruhusiwa kuomba digrii, miaka mingine 3 au 4. Umeongeza mwaka, haizidi miwili, lakini huyu mtoto hata ukishindwa kumlipia digrii tayari anaweza kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu akalipwa. Na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wa diploma kwenye baadhi ya fani, kwa hiyo kile kisingizio cha ada nacho kimepungua.

Tatizo ni aibu tu. Mtoto kapata one ya form four, mzazi haoni anasemaje kanisani kwamba kaenda ufundi. Wachaga wenzangu hapa ndio tunaongoza, tusidanganyane.

Kuna rafiki yangu mmoja tunabishana sana hii ishu, yeye anasema diploma inamfunga mtoto mapema kuliko hata digrii finyu. Ana hoja. Ila diploma ikikosea umepoteza miaka 3 na ada ndogo, digrii ikikosea umepoteza hiyo hiyo miaka na juu yake kuna deni la bumu (mkopo wa chuo) linakatwa asilimia 15 ya mshahara siku ukiajiriwa, iwe kwa kozi uliyosoma au kwa kazi isiyohusiana nayo kabisa.

Kwa wale ambao form six imeshapita na dirisha liko wazi wiki hii, PCB ya kawaida, udaktari hamna: msimrundike mtoto kwenye kozi yoyote yenye neno afya ili mradi. Piga simu chuoni, uliza waliomaliza mwaka jana fildi walifanyia wapi. Wakikupa majina ya sehemu, jaza fomu. Wakianza kukuelezea ukubwa wa maktaba, endelea na chuo kinachofuata.