Maastricht 1673: handaki kwanza, mizinga baadaye

Makala niliyoisoma inasema Maastricht, mji wa Uholanzi wenye ngome, iliangushwa na wingi wa mizinga ya Wafaransa walioizingira. Mizinga ilikuwepo, ndiyo, lakini siri ilikuwa kwenye majembe. Vauban, mhandisi wa kijeshi wa Ufaransa, alianza kuchimba usiku wa kuamkia Juni 18, 1673, na jeshi la Uholanzi mjini likasalimu amri mwisho wa mwezi, siku 13 tu.

Kabla ya hapo mahandaki yalielekezwa ngomeni kama kidole chembamba. Waliozingirwa wakitoka kushambulia, wanakuta wachimbaji wachache mbele na msaada uko mbali. Vauban alichimba mahandaki mapana yaliyokwenda sambamba na ukuta, akayaunganisha kwa njia za kona kona, maana njia iliyonyooka mzinga mmoja unaifagia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mbele kabisa mchimbaji anasukuma kikapu kirefu cha fito, anakijaza udongo, anajificha nyuma yake, kisha kinafuata kingine. Ndani ya yale mahandaki mapana vikosi vizima vinasubiri vikiwa vimejipanga.

Hata hivyo damu haikukosekana. Juni 25, Waholanzi walilipua baruti chini ya boma la nje lililotekwa usiku uliotangulia na kulirudisha mikononi mwao. D'Artagnan, kamanda wa kikosi cha askari wa mfalme wa Ufaransa, aliuawa katika kulipigania tena.

Na mwandishi wa makala hiyo angetaja maji. Mwaka 1672 Waholanzi walifurisha mashamba yao ili kuwazuia Wafaransa: kina cha kuzuia askari wa miguu, ila kifupi mno kwa mashua. Hapo majembe ya Vauban yasingefaa kitu.