Elfu Tisa za Gita Lisilolia

Jana baada ya alasiri nilikuwa barazani Mkunguni, hapa Lamu, kikombe cha kahawa mkononi, nikafanya kosa la kuwaonyesha watu mchoro wa gita langu. Gita lenyewe halijazaliwa. Mwili wake bado ni ubao wa mwembe unaokauka kwa fundi kule Langoni, na shingo yake jana ilikuwa ingali kwenye gita langu la zamani, lile la plaiwudi ambalo chumvi imeshalila mpaka skrubu. Nilicho nacho kwa sasa ni mchoro. Mtu wa kwanza kuuona hakuuliza gita litakuwaje. Aliuliza nimelipa ngapi.

Nikasema elfu tisa.

Mngedhani nimekula mali ya yatima. Mmoja alicheka hadi kahawa ikampalia. Mwingine, rafiki yangu tangu tukiwa chuoni, chuo cha Kurani, tunachapwa pamoja kwa kutohifadhi, akatoa simu. "Elfu tisa za nini? Ngoja nikuchoree bure." Akaiambia akili unde kwa Kiingereza chake cha hotelini: gita la umeme, nakshi za mlango wa Lamu, jua linatua nyuma. Haikuisha hata dakika, gita hilo hapo. Sisemi uongo, kwa mbali lilipendeza. Liling'aa kama halwa iliyotoka kusongwa.

Ami yangu, ambaye gita halijui mbele wala nyuma, akaiomba ile simu. Akavaa miwani. Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka pale mashine ilipozungusha maandishi ubavuni mwa gita, mfano wa yale yaliyochongwa juu ya milango ya zamani ya Mkomani. Midomo ikaanza kusogea. Akarudi mwanzo. Akageuza simu kidogo, akasogeza midomo tena.

"Mato yangu ndiyo mabovu? Hii si bismillahi. Si aya. Si jina la mtu."

Ilikuwa mikunjo tu iliyojifanya herufi. Nukta zimemwagwa kama ufuta juu ya mkate, alifu zimesimama hazina mwenyewe. Baraza zima likanyamaza, maana mji huu una mambo hayafanyiwi mzaha, na mfano wa aya isiyokuwa aya ni mojawapo. Mimi nikahesabu nyuzi. Darajani, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gita, zilianza saba, kichwani zikafika tano. Mbili nadhani zilishuka ng'ambo, Mokowe.

Hicho ndicho cha bure. Sasa niwaambie elfu tisa zilinunua nini, kwa sababu jana nilipandwa na hasira nikashindwa kupanga maneno, nikaondoka hata kahawa sijalipa. (Nitalipa. Muuzaji ananijua.)

Mchoraji wangu yuko Malindi, binti wa miaka ishirini na kitu, anachora kwenye tableti kwa kalamu isiyo na wino. Gita hajui kulishika, na hakunificha: "Kaka, mimi gita silijui. Nitakuuliza sana, usinichoke." Nikasema moyoni, hapa nimepatikana.

Akaanza. Unapiga kwa mkono gani? Nyuzi sita au zaidi? Shingo ni mpya au unatoa kwenye gita jingine? Nikamwambia natoa ya zamani, imefungwa kwa skrubu nne, inatoka. "Basi nipimie kutoka kile kimfupa cheupe kinachopitisha nyuzi kichwani mpaka freti ya kumi na mbili." Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Nikachukua utepe wa mke wangu wa kushonea, nikapima: milimita 324. Jibu likarudi kabla sijakunja utepe: "Daraja litakaa kwenye 648."

Nikaketi. Miaka ishirini napiga kwenye maharusi, kuanzia Shela mpaka Faza, na kwa sikio nilijua kuwa freti ya kumi na mbili inatoa sauti ileile ya waya mtupu, ila ya juu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Ni kwa sababu iko katikati kabisa ya waya. Kwa hiyo ukishajua nusu ya kwanza, ya pili huna hiari nayo. Daraja lina skrubu zake za kusogezea mbele na nyuma, lakini ni kwa milimita chache. Fundi akikosea sentimita mbili, gita litalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ukaze nyuzi usikaze. Na mchoro wangu mimi, ule niliouchora nyuma ya kadi ya harusi na kujivunia, ulikuwa umelikaribisha daraja shingoni kwa kama sentimita nne.

Freti nazo alizipanga kwa hesabu. Unachukua urefu wote wa waya, unagawanya kwa 17.817, hapo inakaa ya kwanza. Urefu uliobaki unaugawanya tena kwa namba ileile, hapo ya pili, na kuendelea mpaka mwisho. Kwangu ya kwanza imeangukia milimita 36.4. Nikamwambia asijisumbue, shingo si ipo tayari? "Nazichora ili ukiilaza shingo juu ya karatasi, ujue kama karatasi inasema kweli." Wekeni neno hilo pembeni, tutalirudia.

Tukafika kwenye nakshi. "Unataka nakshi gani?" Za Lamu, nikasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza maneno. "Za mlango upi, kaka?"

Mlango upi. Mimi mzaliwa wa hapa, ninayewaambia wageni kwamba mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001, nilizunguka Mkomani asubuhi nzima na simu mkononi kama mtalii, nikitazama milango niliyopita mbele yake tangu nikiwa na kofia ya chuo. Kuna mmoja ambao mfaa wake, ule mti wa katikati, una mayungiyungi yaliyopandana kutoka chini hadi juu, na kila ua ni dogo kidogo kuliko lililo chini yake. Mtoto wa nyumba hiyo nilisoma naye. Ua la juu kabisa sikuwahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kuinua uso. Nikaupiga picha, nikamtumia. Mayungiyungi hayo sasa yanapanda kwenye mchoro kutoka mkiani mwa gita mpaka chini ya pikapu.

(Ndiyo, zinaitwa pikapu, zile sumaku zinazosikiliza nyuzi. Kwenye kisiwa ambacho punda ndiye lori, mimi nitamiliki pikapu mbili.)

Swali lililonimaliza ni la mwisho. "Mkono wako wa kulia unalala wapi?" Sikuelewa. Akaniambia nilipake gita la zamani unga wa chaki, nipige nyimbo mbili, kisha nimtumie picha. Nikafanya, mke wangu akinitazama mlangoni bila kusema neno, na mnajua ukimya wa namna hiyo. Chaki ikafutika mahali pamoja, sehemu yenye umbo la samaki, juu kule mkono unapoegemea. Kwenye mchoro sehemu hiyo hakuitia nakshi hata kidogo. Ameiacha laini, mbao tupu, umbo la samaki vilevile, na mayungiyungi yanaizunguka. Angeyapitisha hapo, kufikia saa sita ya usiku wa harusi ngozi ya mkono ingekuwa imebaki kwenye gita.

Haya, mniambie. Ni picha hiyo?

Na kabla hamjasema kwamba asiyepiga gita hawezi kulijua: Leo Fender, mwundaji wa magita mashuhuri, hakujua kulipiga. Alikuwa fundi wa redio huko California. Gita lake la kwanza la mbao bapa lilipotoka 1950, wapigaji walilalamika kwamba kona zinawachoma mbavuni na mkononi. Alisikiliza, na gita lake jingine, Stratocaster ya 1954, likatoka na mbavu zilizokwanguliwa ili mwili wa mtu upate pa kukaa. Magita mengi ya umeme mnayoyaona kwenye jukwaa yamebeba umbo hilo, la mtu aliyekuwa akiwapa wengine wapige, yeye akiuliza.

Ami alinipa hoja moja nzito, na inaniuma kusema ni nzito. "Mafundi wa Matondoni huunda jahazi zima bila karatasi." Kweli. Nimewaona. Mchoro wote umo kichwani na jicho ndilo rula, na jahazi linakwenda Mombasa na kurudi. Sawa, ami, nimekubali. Lakini fundi huyo ameunda majahazi tangu akiwa mtoto wa kushikilia misumari, na baba yake kabla yake. Magita ya umeme yaliyoundwa Matondoni ni mangapi? Fundi wangu wa Langoni hajawahi kuunda hata moja. Bila mchoro, yeye na mimi tungekuwa vipofu wawili tunabishana juu ya rangi.

Na yeye mwenyewe, fundi wa milango, huanza na penseli. Huchora ua kwenye ubao, ndipo patasi inafuata mstari. Wazee wetu walikuwa na neno moja kwa kazi zote mbili: kuchora. Unachora karatasi, unachora ubao. Anayedharau la kwanza amelitoa wapi la pili?

Mchoraji alichelewa, hilo nalo niliseme. Wiki tatu zilikuwa tano. Na mwezi uliopita tangazo la bendi yetu nililitengeneza kwa hiyohiyo akili unde ya bure, na nyuzi sikuhesabu. Unafiki ni wangu. Lakini tangazo la harusi hubandikwa Ijumaa na Jumatatu linafungia bajia. Hakuna atakayelikata kwa msumeno.

Jambo la sheria, kwa wasanii wanaonisoma: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwagizaji hakimiliki ya kazi aliyoiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kubalianeni vingine, na iwe kwa maandishi. Wangu nimemwandikia kwamba mchoro ni wake kuuonyesha na kuuchapa kwenye fulana akitaka.

Asubuhi ya leo nilikwenda saiba kuchapa. Gita zima halienei karatasi moja, kwa hiyo lilikatwa vipande vya A4, nikaviunganisha kwa selotepu sakafuni, nikavikunja, nikampelekea fundi. Fundi hakuangalia mayungiyungi. Hakuangalia rangi. Alitafuta kona ya chini, ambako mchoraji ameweka mstari mdogo mweusi na maneno "Pima huu kwanza: sentimita 10." Akaweka rula. Tisa nukta sita.

Akanitazama. Akaniomba shingo. Nilikuwa nimeifungua jana usiku kwa hasira zangu, nilikuwa nayo. Tukailaza juu ya karatasi, kimfupa kwa kimfupa. Freti ya kwanza ilikosana na mstari wake kidogo tu, ungeweza kujidanganya. Ya kumi na mbili ikaonyesha uongo wote: karatasi ilikuwa fupi kwa milimita 13. Printa ilikuwa imeupunguza mchoro ili utoshee ukurasa, mimi nikabonyeza sawa bila kusoma. Daraja lingekaa 622. Ubao wa mwembe, miezi ya kukausha, kazi ya nakshi, vyote vingezunguka tundu lililotobolewa mahali pasipo pake.

Nikarudi saiba. Asilimia mia moja, tafadhali. Mstari ukawa sentimita kumi kamili, shingo ikalala freti kwa freti kama mtoto mgongoni mwa mama yake. Fundi akachukua penseli, akatia alama ya daraja kwenye ubao, akaizungushia duara. Akasema tu, "Huyu mtoto wa watu umemlipa vizuri?"

Na hapo ndipo ninapoona haya, kwa sababu bei yake ilikuwa elfu kumi na mbili. Elfu tisa ni mimi. Siku ya kwanza, kabla ya utepe, kabla ya chaki, nilimwandikia: "Punguza basi dada, ni picha tu." Bado yamo kwenye simu, nimeyasoma leo. Hakubishana. Alisema sawa kaka, akaomba arubuni, akaanza kuuliza maswali. Jana pale Mkunguni nilikuwa nikiwakasirikia watu kwa kunisomea maneno yangu mwenyewe.

Nikamtumia elfu tatu kwa M-Pesa hapohapo karakanani, vumbi la mbao mpaka kwenye kioo cha simu. Jibu lilichukua kama dakika kumi.

"Asante sana kaka, Mungu akuzidishie. Na zile mara nne ulizobadilisha rangi, tufanyeje?"

Sijamjibu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika "lakini dada, hiyo ni rangi tu", nikafuta.