Usiku mmoja ndani ya Sutter's Fort

Nimesoma kwa makini habari yenu kuhusu wanafunzi wa darasa la nne waliolala usiku mmoja katika Sutter's Fort, ngome ya kale mjini Sacramento, California, nchini Marekani, wakioka mkate, wakisokota kamba na kutengeneza mishumaa kama walivyofanya walowezi wa miaka ya 1840. Binti yangu alikwenda safari kama hiyo, na ingawa alirudi akinuka moshi na kulalamikia zamu yake ya lindo, alikuwa ameelewa jambo ambalo kitabu hakikuwa kimemfundisha, yaani kwamba mlo mmoja ulihitaji kazi ya siku nzima.

Hata hivyo, mwandishi amemtaja John Sutter, mwanzilishi wa ngome hiyo, kwa sentensi moja tu, kama mwenyeji mkarimu wa wahamiaji. Ni kweli kwamba manusura wa msafara wa Donner, wahamiaji walionaswa na theluji milimani, walipokelewa hapo mwaka 1847. Lakini ngome hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1839 katika ardhi ya Wanisenan, mojawapo ya makabila ya asili ya eneo hilo, ilijengwa na kuendeshwa kwa jasho la wenyeji wa asili, wengi wao wakifanyishwa kazi kwa nguvu, na baadhi ya wageni waliofika hapo waliandika kwamba watu hao walilishwa kwenye mahori kama mifugo. Mtoto anayeweza kukesha lindoni anaweza pia kuelezwa hayo, tena papo hapo penye kuta hizo (ambazo, kwa kweli, nyingi ni za ujenzi upya ulioanza mwaka 1891). Ningependa kujua iwapo Wanisenan wenyewe hualikwa kuzungumza na wanafunzi usiku huo.