Chupa ya Speyer siyo kongwe kuliko zote tena
Makala moja niliyosoma inasema mvinyo wa Kirumi uliomo kwenye chupa ya Speyer, Ujerumani, ndio wa kale zaidi duniani uliobaki katika hali ya majimaji. Ilikuwa hivyo hadi 2024. Kaburi lililogunduliwa Carmona, Hispania, mwaka 2019 lilikuwa na chombo cha kioo chenye karibu lita 5 za majimaji mekundu, na ndani yake mifupa ya mwanamume iliyochomwa. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Córdoba walipopima wakakuta ni mvinyo wa karne ya 1, tena mweupe!

Hata hivyo, chupa ya Speyer ndiyo inayonigusa. Mtu alimimina mafuta ya zeituni juu ya mvinyo ili hewa isiuguse, mdomo ukazibwa kwa nta, na miaka kama 1,700 baadaye bado umo. Naomba jumba la makumbusho linaloihifadhi chupa hiyo lisiifungue kamwe.