Folsom 1968: shangwe ya kupachikwa na vicheko vya kweli

Kuna sekunde chache mwanzoni mwa At Folsom Prison, albamu ambayo mwimbaji Mmarekani Johnny Cash aliirekodi mbele ya wafungwa mwaka 1968, ambazo wapenzi wa muziki wa kantri hawajaacha kubishania. Cash anaimba kwa ile sauti yake nzito kwamba alimpiga mtu risasi mjini Reno ili tu amwone akifa, na papo hapo mfungwa anapiga ukelele wa furaha. Nywele zinakusimama. Kumbe ukelele ule haukuwapo. Mwandishi Michael Streissguth, aliyeichunguza historia ya onyesho hilo, ameeleza kwamba uliongezwa studio. Siku yenyewe, 13 Januari, katika bwalo la chakula la gereza la Folsom, California, wafungwa walikuwa wakichunga midomo yao mbele ya askari.

Wanaoikosoa albamu hii hawaishii hapo. Cash hakuwahi kutumikia kifungo. Alichokijua ni mahabusu tu, kama mwaka 1965 alipokamatwa na vidonge vya kulevya huko El Paso. Folsom Prison Blues, wimbo wenye mstari ule wa Reno, aliutunga akiwa mwanajeshi wa anga nchini Ujerumani, baada ya kutazama filamu kuhusu gereza hilo, tena kwa kuchota sana kutoka wimbo wa Gordon Jenkins, ambaye baadaye alilipwa fidia. Kufikia 1968 dawa hizo zilikuwa zimemchosha na nyota yake ilikuwa imefifia. Kwa macho hayo, huyu ni mtu huru aliyeingia gerezani na wimbo wa kuazima akatoka na utajiri.

Suala la ukelele nalikubali, tena kwa uzito kuliko wengi. Albamu nyingi za jukwaani hutiwa viraka studio na sioni dhambi kubwa hapo. Kinachoniuma ni kwamba katika albamu hii wasikilizaji ni nusu ya muziki. Wanaume wale hawakuwa na njia nyingine ya kusikika nje ya kuta zile, na nafasi hiyo moja walipoipata, wakawekewa mdomoni furaha ya kuua. Aliyenunua santuri akamsikia muuaji aliyekuwa tayari kichwani mwake.

Lakini sogeza sindano mbele. Katika Dark as a Dungeon, wimbo wa huzuni wa wachimba makaa ya mawe, Cash anashindwa kujizuia, anacheka katikati ya ubeti, kisha anawaomba watu wasicheke wakati wa wimbo. Katika 25 Minutes to Go, mtu aliyehukumiwa kunyongwa anahesabu dakika zake moja moja, na bwalo linaangua kicheko. Fikiria ni nani anacheka, na amekaa wapi. Kicheko kile hakuna fundi wa studio angeweza kukibuni. Mahali fulani kipaza sauti cha gereza kinamwita mfungwa kwa namba, na namba hiyo ikaachwa ndani ya santuri.

Sisi wa Afrika Mashariki, hasa Kenya, kantri tuliijua zaidi kwa sauti laini ya Jim Reeves, kila kitu kimepigwa pasi. Hapa sauti ya Cash inakwaruza, na gitaa la Luther Perkins, mpigaji wake, linakwenda kama treni kwenye reli, noti chache zilezile, bila madaha. Perkins alifariki Agosti mwaka huohuo, miezi michache baada ya albamu kutoka.

Kwangu mimi kesi yote inasimama au inaanguka kwenye wimbo wa mwisho, Greystone Chapel. Uliandikwa na mfungwa wa Folsom, Glen Sherley, aliyefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mchungaji Floyd Gressett, aliyekuwa akiwahudumia wafungwa, alimfikishia Cash kanda yake usiku wa kuamkia onyesho. Cash akaujifunza usiku ule. Sherley alikuwa amekaa mstari wa mbele na hakujua lolote.

Yaliyofuata yanazipa nguvu pande zote mbili. Cash alisaidia Sherley atoke mwaka 1971, akamwingiza kwenye kundi lake, na mwaka 1972 wawili hao walikwenda mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani kuzungumzia hali ya magereza. Mtu anayetafuta mauzo tu hafiki huko. Lakini maisha ya uraiani yalimshinda Sherley. Ilibidi aachwe nje ya kundi, na mwaka 1978 akajiua. Wapo wanaosema Cash alimtoa mtu kwenye kuta akamweka kwenye taa za jukwaa, kana kwamba taa zinaponya. Jibu la kuwanyamazisha sina, na nadhani Cash naye hakuwa nalo.

Hata hivyo kila ninapofika mwisho wa santuri naisikiliza sehemu ile kabla gitaa halijaanza. Katika gereza ambako watu wanaitwa kwa namba, Cash anawaambia wafungwa wote bwaloni kwamba wimbo unaofuata umeandikwa na mtu wa humuhumu Folsom, anamtaja Glen Sherley kwa jina, kisha anamgeukia na kumwambia anatumaini yeye na kundi lake watautendea haki wimbo wake.