Hilo boksi mnalotaka kulitoa ndo lenyewe

Juzi usiku kwenye grupu letu la wasapu la kijiji, mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, katupia picha ya mashine ya kufua umeme kwa maji ya mto, kaipata mtandaoni. Kilowati 10, imepakwa rangi ya bluu, inang'aa. Chini kaandika: "Kaka, hawa tumeshapatana nao, ila kontrola wanasema ni hela nyingine, kamati imeona tuitoe kwanza ili bajeti itoshe, tutaiweka mbeleni Mungu akijalia." Kontrola ndo hilo boksi linalozuia mashine isikimbie kupita kiasi. Grupu zima likajaa vidole gumba na "hongereni viongozi". Mimi chai ilinipalia.

Tutaiweka mbeleni! Yani ununue Fuso, breki useme utafunga ukishapata mzigo wa kwanza, tena huku kwetu Njombe na miteremko yetu hii.

Kabla sijafika kwenye boksi, hiyo mashine yenyewe. Nikamuuliza maji yanaanguka kutoka urefu gani na mwezi wa kumi yanakuwa lita ngapi kwa sekunde, akanijibu "Kaka mto si unaujua, haukauki." Naujua. Haukauki ila unakonda, mwezi wa nne unabeba magogo, mwezi wa kumi mbuzi anavuka hajalowa tumbo. Na mtambo unaununua kwa maji ya mwezi wa kumi, ya masika ni bahati tu. Kupima wala haihitaji injinia wa Dar: tafuta mita 10 za mto ulionyooka, pima upana na kina, tupa chungwa, hesabu kwa saa ya simu linatumia sekunde ngapi, zidisha upana kwa kina kwa hizo mita 10, gawa kwa sekunde (mara 1,000 upate lita), halafu kwenye jibu lako punguza kama robo hivi maana maji ya chini yanajikokota. (Ndoo ni ya vijito vidogo, kwa mto wetu itajaa kabla hujasema moja.) Mimi niliwahi kupima kwetu, mteremko mita 22, lita kama 45 kwa sekunde. Zidisha mita kwa lita, kisha mara 5, hizo ndo wati zako za uhakika: 4,950, kama kilowati 5. Hiyo kilowati 10 ya kwenye kibao inatoka wapi? Nimekuza picha, kibao kinasema mita 70. Ni Pelton, mashine ya maji machache yanayotoka juu sana. Ukiifunga kwenye mita 22 haifiki hata kilowati 2. Sisi wa mita 22 mashine yetu ni krosifloo, ile kama pipa lenye mapanga, fundi mzuri wa kuchomelea anaiunda, majani hayaisumbui sana na maji yakipungua inavumilia. Kuna wanaogeuza pampu ikawa turbini, ni rahisi kweli sikatai, ila maji yakishuka tu inanuna.

Haya, boksi.

Watu hawaelewi kwamba maji hayajui kama umezima taa. Maji yanashuka kwenye bomba vilevile, yanasukuma vilevile, sasa kama mzigo umepungua ile nguvu iende wapi? Inaenda kwenye spidi. Krosifloo ikiachiwa bila mzigo inaweza kukaribia mara mbili ya mwendo wake, na herzi 50 zako (mapigo ya umeme kwa sekunde) zinapanda nayo, na jenereta hizi za bei chee voltiji inapanda nayo pia. Na usiniambie utakimbilia valvu, maana ukiifunga ghafla maji yaliyokuwa yanakuja na bomba zima yanagonga ukuta na bomba linapasuka. Ndo maana mitambo midogo haihangaiki na maji, inahangaika na umeme: acha maji yaje vilevile muda wote, kontrola iangalie kijiji kinatumia kiasi gani, kinachobaki ikimwage kwenye hita zilizo ndani ya pipa la maji. Kijiji kikila kilowati 2 kati ya 5, hita zinakula 3. Kikila 4 na nusu, hita zinabaki na nusu. Mashine yenyewe haihisi chochote, inajua mzigo ni uleule.

Sasa kwetu, miaka hiyo mtambo wenye boksi ulipofungwa mara ya kwanza, kamati ikakaa ikaona pipa linachemka usiku kucha, ikasema huu ni wizi, umeme wetu unachemsha maji ya nani? Ikatokea harusi, hita zikachomolewa zikaenda kuchemsha maji ya wageni, na hazikurudi. Siku mbili hakuna kilichotokea maana watu walikuwa wanakesha na muziki. Siku ya tatu jioni mwenye mashine ya kusaga akamaliza debe la mwisho, akazima mota. Nilikuwa sebuleni kwa mama. Taa iligeuka nyeupe, nyeupe ya kutisha, kama mtu kaleta jua ndani, halafu pa. Pa, pa, pa, unasikia nyumba kwa nyumba mpaka bondeni. Huko mtamboni mlio kama ndege inataka kupaa. Freza la dukani likafa, tivii ya kilabuni ikafa, walevi wa ulanzi wakatoka mbio wanaita majina ya watakatifu.

Na redio ya mama ikafa. Aliinunua kwa hela ya viazi, misimu miwili. Hakugomba. Aliichomoa, akaifuta vumbi, akairudisha pale pale juu ya kabati na kitambaa chake juu, na ilikaa pale miaka. Kwa hiyo mkiniambia boksi ni gharama ya ziada mnisamehe, siwezi kuongea kwa upole.

Nakubali kontrola nayo huungua, radi za huku mnazijua, nunueni na kinga yake. Nakubali pia yule mzee wa mtambo wa zamani aliendesha miaka na miaka bila boksi, mkono kwenye valvu, anasikiliza tu mlio, akijua kwa sikio kwamba mashine ya kusaga imewashwa. Sawa. Mtafuteni mwingine asiyelala. Na anayesema gridi ya TANESCO ikija itaishika mashine isikimbie, ni kweli, mpaka siku gridi ikate ghafla, hapo mashine yako inabaki bila mzigo vilevile. Kibali cha kutumia maji ya mto kutoka Bodi ya Maji ya Bonde hata sijauliza, naogopa jibu.

Mdogo wangu kanipigia leo asubuhi. Kamati inauliza hizo kilowati 3 zinazomwagwa usiku si hasara jamani? Nikamwambia aulize kijiji cha jirani walipofunga pipa lenye bomba na koki. Nilipita hapo mwezi wa saba, baridi ile ya kukata masikio, saa kumi na moja alfajiri kulikuwa na foleni ya ndoo za maji ya moto, mama mmoja na kichanga mgongoni kanisukuma akaniambia baba panga mstari.